Je, Alizeti Yaweza Kuendesha Lori?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika makala hii ningependa kueleza jambo ambalo wengi wetu tumelisikia lakini wachache tumelipima: kwamba mafuta ya mimea yaweza kutumika katika injini badala ya dizeli. Sisi tuishio juu ya uwanda wa Ufipa tuna sababu ya kuuliza habari hii kuliko watu wengi. Nchi yetu haichimbi mafuta ya petroli. Dizeli yetu yote huja kwa meli kutoka ng'ambo, na ile ishukayo Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kabla ya kufika Sumbawanga, ndani ya lori ambalo nalo hunywa dizeli njiani. Kumbe alizeti hukua hapa hapa, na mashine za kukamua hunguruma mjini kila baada ya mavuno.

Nami nina sababu yangu. Mama yangu hulima alizeti ekari moja. Sehemu ya mafuta tunakula, na sehemu huuza, na kwa fedha hizo mimi hupata nauli, madaftari, sabuni na mahitaji mengine ya bweni. Mjomba wangu ni utingo wa lori, naye hupenda kumtania mama kwamba iko siku atakuja kujaza tangi shambani kwake. Mama aliponiuliza kama jambo hilo lawezekana, na kama likiwezekana sisi wakulima tutafaidi au tutapunjwa, sikuwa na jibu. Hivyo nimesoma, nimewauliza walimu wetu wa Fizikia na Kemia, na hapa naandika niliyoyapata.

HISTORIA YAKE

Jambo lenyewe si geni. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ndiye aliyebuni injini inayoitwa kwa jina lake, na injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilipimwa Augsburg mwaka 1897. Miaka mitatu baadaye, katika Maonyesho Makuu ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilikuwa nyingi, yaweza kupata nguvu za mashine bila kuagiza makaa wala mafuta. Mwaka 1912 Diesel mwenyewe alieleza kwamba mafuta ya mimea, ingawa wakati ule yalionekana kuwa kitu kidogo, yaweza siku moja kuwa na maana kubwa kama petroli.

Habari ya pili yatoka karibu zaidi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kongo ilipokuwa chini ya Wabelgiji ilikuwa na mawese mengi sana. Mwaka 1937 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels, jina lake Chavanne, alipewa hataza ya njia ya kuyageuza mafuta ya mimea kwa alkoholi ili yafae katika injini, na mwaka 1938 basi moja liliendeshwa kwa mafuta ya mawese yaliyogeuzwa hivyo kati ya Brussels na Louvain. Basi, wazee wetu walikuwa hai wakati jambo hili lilipokwisha kuthibitishwa. Kilichobaki ni kujua kwa nini halikuenea.

JINSI INJINI INAVYOFANYA KAZI

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa peke yake huingia katika silinda, kisha pistoni huibana mpaka ibaki katika nafasi ndogo sana, kiasi cha sehemu moja kati ya kumi na tano au ishirini ya nafasi yake ya kwanza. Kila aliyejaza tairi la baiskeli kwa pampu anajua jinsi pampu inavyopata moto. Ndani ya silinda joto hilo hupita digrii 500 za sentigredi. Hapo nozeli hunyunyiza mafuta kwa nguvu, nayo huwaka yenyewe na kuisukuma pistoni.

Basi injini hii haiulizi mafuta yametoka wapi. Yataka mambo mawili tu: mafuta yaweze kuwaka kwa joto lile, na yaweze kunyunyizwa kama ukungu. Kwa jambo la kwanza mafuta ya alizeti hayana shida. Yamejengwa kwa minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni kama ilivyo dizeli, na joto lililomo katika lita moja limepungua lile la dizeli kwa kiasi cha sehemu moja tu kati ya ishirini.

Shida iko katika jambo la pili. Chembe moja ya mafuta ya mimea ina minyororo mitatu iliyoungwa pamoja na gliserini, kama matawi matatu juu ya kikonyo kimoja. Kwa hiyo ni kubwa na nzito, na mafuta yake yana mnato unaozidi ule wa dizeli kiasi cha mara kumi, yote yakipimwa katika digrii 40. Nozeli iliyotengenezwa kwa dizeli hushindwa kuyavunja yawe ukungu. Hutoa matone makubwa. Matone hayo hayaungui yote. Masizi hushika ncha ya nozeli, ringi za pistoni hukwama, na mafuta mengine huchuruzika chini na kuharibu oili ya injini. Ndiyo maana mtu akimimina mafuta ya kula katika tangi, siku ya kwanza atashangilia, na baada ya miezi michache atamtafuta fundi.

JARIBIO LETU

Chini ya uangalizi wa mwalimu, wenzangu watatu nami tulifanya jaribio rahisi ambalo shule yoyote yaweza kulifanya. Tulichukua faneli mbili zilizo sawa, tukatia katika moja dizeli na katika nyingine mafuta ya alizeti, kipimo kile kile, tukaziachia pamoja. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Juni, na kila aliyelala katika mabweni yetu anaijua baridi ya Sumbawanga, mji ulio kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Dizeli ilikwisha kushuka wakati mafuta ya alizeti hayajafika nusu. Kisha tuliyapasha moto mafuta ya alizeti kwa kukitia chombo chake katika maji yaliyochemka, tukarudia. Safari hii yalikimbia, ingawa dizeli bado iliyashinda.

Tulikuwa na chupa ya mawese ya Kigoma pia, lakini hatukuweza kuyapima. Yalikuwa yameganda kama samli, hata chupa ilipopinduliwa hayakutoka. Hapo tulijifunza kwamba mafuta yanayofaa pwani ya ziwa huenda yasifae mlimani asubuhi, na kwamba kila mahali hapana budi kupima mafuta yake katika baridi yake.

NJIA TATU ZA KUSHINDA MNATO

Njia ya kwanza ni kuchanganya. Sehemu ndogo ya mafuta ya mimea yaliyochujwa vizuri hutiwa katika dizeli nyingi. Mnato hupungua, lakini dizeli bado huhitajika.

Njia ya pili ni kupasha moto. Injini hufungwa matangi mawili. Huwashwa kwa dizeli; ikisha kupata moto, maji yake ya kupoozea huyapasha mafuta ya mimea, ndipo dereva hugeuza bomba. Kabla ya kuzima hurudi kwenye dizeli ili kuosha pampu na nozeli. Injini za zamani za mwendo wa polepole, kama zile za Lister zilizosaga unga katika vijijini vingi, huvumilia mafuta haya kuliko injini mpya zenye pampu za mgandamizo mkubwa na vyombo vya kompyuta.

Njia ya tatu ni kuyageuza mafuta yenyewe, kama alivyofanya Chavanne. Kilo 100 za mafuta huchanganywa na kilo 11 hivi za methanoli pamoja na kostiki kidogo, ile ile wanayotumia watengenezaji wa sabuni. Minyororo mitatu huachana na gliserini, na kila mmoja hushikana na methanoli. Mwishoni hupatikana kiasi cha kilo 100 za biodizeli na kilo 11 za gliserini. (Wanafunzi wa Kemia watazame: masi haikupotea.) Biodizeli ina mnato unaokaribia ule wa dizeli, na injini nyingi huipokea. Walakini methanoli yenyewe kwa kawaida hutengenezwa kutokana na gesi ya ardhini, nayo hununuliwa. Tena ni sumu. Huweza kupofusha na kuua, na kostiki huunguza ngozi. Nawaomba wadogo zangu wa kidato cha kwanza wasijaribu jambo hili bwenini.

HESABU YA EKARI MOJA

Mpaka hapa jibu la swali la kwanza ni ndiyo: lawezekana. Sasa tuje kwenye swali zito zaidi, yaani kama lafaa. Hesabu ifuatayo ni ya kukadiria. Kila msomaji abadili tarakimu kulingana na shamba lake, lakini njia ni ile ile.

Tuseme ekari moja imetoa magunia 8 ya alizeti, na kila gunia lina kilo 60. Jumla ni kilo 480. Tuseme mashine yatoa mafuta robo ya uzito wa mbegu. Tutapata kilo 120 za mafuta, na kwa kuwa lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa kilo 0.92, hizo ni lita 130. Juu ya hayo tutapata zaidi ya kilo 300 za mashudu kwa ajili ya mifugo.

Sasa lori lililojaa mahindi latoka Sumbawanga kwenda Tunduma, mwendo wa kilomita 225 hivi. Tuseme latumia lita 40 kwa kila kilomita 100. Kwenda tu latumia lita 90. Kwenda na kurudi, lita 180. Ekari yetu imetoa 130 tu, nazo zina joto pungufu kidogo kuliko dizeli. Lori litafika Tunduma, litageuka, nalo litazimika kabla halijafika Laela.

Lita hizo hizo 130 tukizigawa kwa majuma 52 ya mwaka, kila juma lapata lita mbili na nusu. Yaani kazi ya mkulima ya msimu mzima, kulima, kupanda, kupalilia na kukata, yaweza kuipatia nyumba yenye watoto mafuta ya kupikia mwaka mzima, au yaweza kushindwa kulirudisha lori moja nyumbani. Hesabu hii imenishtua mimi mwenyewe, nikairudia mara tatu.

Lakini tusiishie hapo, maana hesabu ina upande wa pili. Tuseme mashine ya kukamua ina injini inayotumia lita mbili na nusu kwa saa, nayo hukamua magunia mawili kwa saa. Magunia 8 yatakwisha kwa saa nne, na injini itakuwa imetumia lita 10. Katika lita 130, kumi tu zingetosha kuendesha mashine iliyozikamua zote, yaani sehemu moja kati ya kumi na tatu. Hapa mafuta ya mimea hayaonekani tena kuwa mchezo. Kwa lori la safari ndefu ni tone baharini. Kwa injini ndogo iliyo karibu na shamba ni akiba ya kweli.

WALIOTANGULIA BILA KUPIMA

Historia ya nchi yetu ina mafunzo mawili juu ya jambo hili. La kwanza ni mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Nia yake haikuwa kuendesha injini, bali kuwapatia Waingereza mafuta ya kula baada ya vita. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta yaliletwa kabla ya udongo na mvua kujulikana vizuri. Ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu kama saruji, mvua zikakosekana, na mpango ukaachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza kiasi cha pauni milioni 36.

La pili ni la wakati wetu, nalo ni mbono, ule mti unaopandwa uani na makaburini. Mbegu zake zina mafuta mengi, lakini ni sumu, hazifai kuliwa. Bei ya petroli ilipopanda katika muongo wa kwanza wa karne hii, makampuni ya kigeni yalikuja kutafuta mbono Tanzania. Kampuni ya Kijerumani iitwayo Prokon iliwahimiza wakulima wadogo wa Mpanda kuupanda kwa mkataba, wakati Mpanda ilipokuwa bado katika mkoa wetu wa Rukwa, kabla Katavi haujawa mkoa mwaka 2012. Kule Kisarawe kampuni ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji, nayo ilisimamisha kazi mwaka 2011. Biashara kubwa iliyotarajiwa haikudumu. Ilisemwa kwamba mbono huzaa hata katika ardhi mbaya. Kwa kweli huishi katika ardhi mbaya, lakini kuzaa sana kwataka maji na rutuba kama mmea mwingine wowote.

Mafunzo haya hujibu swali lile la kufaidi au kupunjwa. Mwenye gunia la alizeti ana milango miwili. Asipotokea mnunuzi wa injini, atakamua apike, na mashudu atalisha ng'ombe na nguruwe. Mwenye gunia la mbono hutazama mlango mmoja, na ukifungwa, hawezi kula mbegu zake. Kwa hiyo mkulima anayeshauriwa kupanda zao la mafuta yafaa aulize kwanza: mnunuzi akiondoka, zao hili litanifaa nini?

YAFAAYO UFIPA

Watu wengine husema nishati ya mimea haina mwisho kwa sababu hurudi kila msimu. Ni kweli kwamba hewa ya ukaa itokayo katika mafuta hayo ilivutwa na mmea kutoka angani juzi tu, wakati ile ya dizeli ilizikwa ardhini mamilioni ya miaka. Lakini mafuta hurudi, ardhi haiongezeki. Ekari iliyopewa injini imenyimwa mahindi, maharage au ulezi. Nchi ya Indonesia, yenye mashamba makubwa kabisa ya michikichi, iliamuru dizeli yake ichanganywe na biodizeli ya mawese, asilimia 35 tangu mwaka 2023 na asilimia 40 mwaka 2025. Lakini misitu mingi ilikwisha kukatwa ili kupata mashamba hayo. Na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozuia alizeti ya huko, na Indonesia ikafunga kwa muda kuuza mawese nje, bei ya mafuta ya kula ilipanda mpaka katika masoko yetu. Tanzania yenyewe imekuwa ikiagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kupikia. Lita moja ya alizeti sokoni kwa kawaida huzidi bei ya lita ya dizeli, na hakuna mtu mwenye akili atakayeunguza kilicho ghali ili kuokoa kilicho rahisi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwanza, mafuta yanayoliwa yaende chunguni. Pili, kwa injini tutumie yasiyoliwa: mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na maandazi, yakichujwa na kugeuzwa, na mbono wa uani usiochukua shamba. Mashudu ya mbono asipewe mnyama. Yatiwe shambani kama mbolea. Katika Engaruka, wilaya ya Monduli, kijiji kilijaribu injini moja ya mafuta ya mbono kwa kazi mbalimbali, na jambo la namna hiyo halihitaji hekta elfu nane. Tatu, tuyaweke mahali penye shida ya kweli, kama mashine za kusaga katika bonde la Rukwa, ambako masika barabara za kushuka mlimani huwa mbaya na dizeli huchelewa. Taa tuziachie jua, ambalo halilimwi wala halikamuliwi.

Wazazi wetu wasidhani kwamba sayansi hutuambia tu lipi lawezekana. Hutupa pia mizani ya kupimia. Atakayekuja Ufipa na habari njema ya zao jipya la mafuta tumkaribishe kwa heshima, tumpe kiti, kisha tumwombe afanye hesabu ya ekari moja mbele yetu.

MASWALI KWA MSOMAJI

1. Eleza kwa nini injini ya dizeli haihitaji plagi.

2. Katika kijiji chako ekari moja hutoa magunia mangapi ya alizeti? Rudia hesabu ya lori na hesabu ya nyumba kwa tarakimu zako.

3. Shule ina jenereta inayotumia lita 3 kwa saa, nayo huwashwa saa mbili kila jioni umeme ukikatika. Ikiwa umeme umekatika siku 20 katika muhula, zitahitajika lita ngapi? Ungeyatoa mafuta hayo katika shamba gani, na nani angekosa mboga iliyoungwa?